Swali la Saba

Karatasi sitini na nane juu ya meza,
taa ya sola imebaki jicho moja,
na peni nyekundu nimeazima kwa Mwalimu Magesa
ambaye hadai, ila hukumbusha.

Swali la saba, alama mbili:
Raia wa dunia ni nani?
Jibu ninalo, limepigwa chapa kwenye mwongozo:
ni mtu anayetambua kuwa binadamu wote ni wamoja,
anayejali, anayeheshimu, anayetunza.
Nililiandika ubaoni Jumatatu.
Chaki ilikatika kwenye "anayejali",
ndege ikapita chini chini kuelekea uwanjani,
darasa zima likageuza shingo,
nami nikangoja, kama tunavyongoja siku zote hapa Igombe,
kelele za wasafiri zipite
ndipo tuendelee na dunia.

Wengi wamenirudishia maneno yangu.
Wengine wameyarudisha yamevunjika mguu:
anayejari, anaeheshimu, anayetuza.
Nimewapa vema zao. Nani kati yetu hakukariri?

Kisha karatasi ya Nyamizi Lushinge,
yenye harufu ya moshi na alama ya kidole cha mafuta,
maana mama yake hukaanga mapanki kule mwaloni
na yeye husomea ubavuni mwa karai.

Ameandika:
"Raia wa dunia ni sangara.
Hakuzaliwa ziwani kwetu, aliletwa,
na sasa hakuna anayemwita mgeni.
Akivuliwa hupimwa, huoshwa, hupewa barafu,
huandikiwa karatasi zake, hupanda ndege,
na huko aendako wanamsubiri na sahani.
Sisi tunabaki na kichwa na miba.
Mwalimu, mimi sina cheti cha kuzaliwa.
Mama alikwenda mara mbili
akaambiwa mtandao umelala."

Peni ikasimama hewani.
Mwongozo hausemi kitu juu ya sangara.

Nilitaka kuandika: Hapana, Nyamizi, raia ni mtu.
Nikawakumbuka furu, wale wadogo wa rangi rangi,
ambao bibi yangu wa Ukerewe aliwataja mmoja mmoja,
nami nawajua kwa jina moja tu: waliokwisha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja.
Wenyeji tuwatafute tumboni mwake.

Na gugu maji je? Nalo lilisafiri.
Lilipendwa kwa ua lake, likavushwa bahari,
leo wavulana wa darasa la sita hulisukuma kwa miti
ili mitumbwi ipate mlango wa kutokea.
Na maji yenyewe? Yanatoka Jinja bila kuaga,
yanashuka, yanakata jangwa,
hadi mtoto mmoja wa Misri, nisiyemjua,
ananawa uso kwa ziwa langu.

Kama Nyamizi angeandika "maji"
ningempa mbili bila kuinua kichwa.
Kwa nini? Nimejiuliza kwa sauti.
Kwa sababu maji hayamlaumu mtu.

Nimeandika moja. Nimeikata. Nimeandika mbili.
Pembeni, pale pasipotakiwa kuandikwa, nimeongeza:
"Ijumaa njoo na mama, twende wote ofisi ya kata.
Mtandao ukiwa umelala, tutaketi hadi uamke."
Sasa naitazama. Hii ni alama, au ni deni?
Peni ni ya kuazima, lakini wino wake haufutiki.

Zimebaki arobaini na kidogo.
Doto Masunga, swali la saba, mwandiko wa kupanda kilima:
"Raia wa dunia ni mwalimu wetu
kwa sababu ndege ikipita
ananyamaza mpaka iishe."

Nimecheka peke yangu hadi mbwa wa jirani akabweka.
Halafu nimeacha kucheka.
Huyu sijui nimpe ngapi,
na taa, jicho lake lile moja,
imeanza kusinzia.